Nyumba Isiyo na Uani

Haya nilisimuliwa na Hidaya, jirani yangu hapa Ujiji, masika haya haya, tukiwa tunaanika dagaa.

Baba yake, Mzee Isihaka, ni fundi mitumbwi. Mama yake, Bi Shadia, kumbukumbu zimemtoka. Kila jioni hujifunga kanga akadai arudishwe kwao, kwenye ile nyumba kongwe ya udongo ya tangu enzi za misafara, wala haelewi akiambiwa mvua ziliiangusha. Amewahi kukutwa njia ya ziwani, peku, analia.

Basi Mzee akaona amjengee nyumba ile upya, ndogo ya kukaa mezani, pengine akiiona moyo utatulia. Mabaki ya mbao za mtumbwi yakawa mlango, akauchonga maua yale yale ya mlango wa zamani kwa ncha ya msumari. Udongo aliuchekecha kwa kitambaa, kuta akazisiriba kwa kidole. Bati alilikata kwenye debe la mawese. Baraza lilimchelewesha kuliko vyote, maana ndipo alipoketi akiposa. Wapita njia walimtania: fundi, panya wakihamia utawadai kodi? Akacheka nao.

Ilipokauka akaiweka mapajani mwa mkewe. Bi Shadia akaupapasa mlango, akatabasamu. Kisha akaigeuza. Nyuma palikuwa na ukuta mtupu.

Huko Mzee hakuwahi kufika. Kwetu mwanaume hakanyagi uani kwa mama mkwe wake. Miaka yote aliishia barazani na sebuleni. Na Bi Shadia alikulia uani, jikoni na kisimani, na wenziwe.

"Hii ya wageni," akasema taratibu. "Kwetu kuna mlango wa nyuma."

Mzee akapiga magoti. Waliokijua kisogo cha nyumba ile walishazikwa wote, kabaki huyu tu.

"Mama Hidaya, niambie huko nyuma kulikuwaje. Nitakujengea."

Akamtazama kama mtu asiyemjua. "Mwanaume haulizi mambo ya uani kwa watu, baba. Nipeleke, giza linaingia. Mama atanitafuta."

Hidaya akamlaza, akambembeleza mpaka akanyamaza, akalala. Naye usingizi ukampitia hapo hapo ubavuni. Mzee akatandika mkeka, akajilaza akiuziba mlango ili mkewe asitoke. Alivyomweleza Hidaya kesho yake, alikuwa anajaribu kukumbuka sauti zilizokuwa zikitoka uani siku zile za uchumba: kinu, vicheko, mtu anaita Shadia. Katikati ya hizo akalala.