Hamimu Alivyoikalia Kazi

Hamimu alikuwa fundi wa magari mtaa wa Bwiza, na kama mafundi wote wa Bwiza alijua jinsi mafundi wanavyoiba. Fundi haibi gari. Anachomoa pampu nzima na kurudisha iliyokufa, anachomoa kifaa kipya na kurudisha cha zamani kilichopakwa rangi. Ndiyo maana mwenye gari akiwa na akili haliachi akaenda zake. Anaomba kiti, anakaa, anatazama kila bolti inavyotoka na inavyorudi, hata kama kazi itamla siku nzima. Huko ndiko kuikalia kazi. Wateja walikuwa wamemkalia Hamimu miaka kumi na miwili, wala hakuna aliyewahi kumkuta na chochote, na jambo hilo alilitembeza mtaani kama wengine wanavyotembeza shati jipya.

Kaka yake, Tajudini, alipofariki kwa ajali ya gari kwenye barabara ya Rumonge, mjane wake Khadidja alikaa eda mpaka ikaisha, kisha akaja gereji na karatasi. Tajudini alikuwa muuza vipuri anayeagiza Dubai, na sehemu ya faida yake aliiweka katika bitcoin, pesa isiyo na noti wala benki, ambayo mwenyewe ni yule tu anayejua ufunguo wake. Ufunguo ndio huo kwenye karatasi, kwa mwandiko wa marehemu: herufi na tarakimu sitini na nne, zimefuatana bila nafasi.

"Shemeji," Khadidja alisema, "mwenye kibanja cha duka anauza. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikikinunua, duka la marehemu linabaki, na watoto wanabaki hapa. Nikikosa, narudi kwa wazazi Rumonge. Mi sina mutu mwingine wa kumupa hii karatasi."

"Umenipa mimi," Hamimu alijibu. "Lala usingizi."

Kumbe programu ya simu iliukataa ufunguo. Aliuandika mara nne, mara nne ikamwambia si sahihi. Alipouliza akaambiwa ufunguo hauna kasoro, ila simu inautaka katika umbo jingine, lenye herufi hamsini na mbili, linaloanza na K au L. Hilo lilimwingia haraka. Ni bolti ileile, mmoja anaipima kwa inchi, mwingine kwa milimita.

Aliyemweleza hayo ni Patrick, mtu wa Uvira aliyefungua sekretaria mkabala na gereji, anapochapa barua na kutoa fotokopi.

"Kaka Hamimu, iyo ni kazi ya dakika mbili," Patrick alisema. "Leta karatasi. Tunakata internet, tunageuza, tunafuta. Mi sitaki hata franga moja."

Hamimu alimtazama. Patrick alikuwa mtu mwema mwenye mdomo mwepesi. Nani anaomba pasipoti, nani anaandika barua ya kumshtaki mkwewe, yote Bwiza iliyapata kwake kabla wino haujakauka. Akipewa karatasi ile, jioni mtaa mzima utajua mjane ana mali, na kesho wachumba watapanga foleni.

"Nitafikiri," Hamimu alisema.

Akafikiri, na fikira zake zikampeleka kwa mtu wa mbali, kwa kuwa mtu wa mbali hana wa kumsengenyea Bwiza. Mtandaoni kuna soko la mafundi wa kompyuta, na huko alimkuta mmoja aliyejiita Honoré, picha ya kijana mwenye miwani, nyota tano, wateja mia mbili wakimsifu. Alitaka dola hamsini. Hamimu akamshusha mpaka ishirini, na ushindi huo ukamfurahisha kuliko ulivyostahili.

"Lakini sikiliza," alimwambia kwa simu. "Mi naikalia kazi. Unanionyesha ekrani ya kompyuta yako toka mwanzo mpaka mwisho. Nikiona kitu sikielewi, tunasimama."

"Pas de problème, grand, hakuna shida," Honoré alijibu. Sauti ilikuwa ya kijana mpole. "Uko na haki yako."

Ilikuwa Jumatano mchana. Mjini hakukuwa na petroli, magari yalilala kwenye foleni za stesheni, na gereji ilikuwa tupu. Hamimu alifunga mlango, akaweka kompyuta juu ya meza ya kazi, akavuta kiti. Akausoma ufunguo kwa simu herufi kwa herufi, Honoré akaandika kule aliko. Umbo jipya likatokea, linaanza na L. Hamimu akalinakili, akalihakiki mara tatu.

"Sasa futa hiyo fichie uliyoandikia."

Honoré akafuta.

"Mwaga na kikapu cha vilivyofutwa."

Akamwaga.

"Zima mashine, uiwashe tena, nione kama imebaki."

Akaizima, akaiwasha, akaonyesha ekrani tena, hakuna kitu. "Grand, we ni mukali," alisema akicheka. "Wengine wananiachia tu na kwenda kulala."

Hamimu naye akacheka. Alilipa dola ishirini papo hapo. Kisha akauingiza ufunguo mpya kwenye simu, na mali ya Tajudini ikatokea yote, inatosha kibanja na kuezeka upya juu yake.

Angeweza kuihamisha dakika ile. Hakuthubutu hata kuigusa. Mirathi haifunguliwi na mtu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Inafunguliwa mbele ya warithi na mkubwa wa ukoo, asije mtu akasema kitu kimepungua. Alizima simu, akaifungia kwenye kabati la chuma, akampelekea habari baba mkubwa, mzee Twahiru, wakutane Ijumaa baada ya swala.

Ijumaa walikaa kwa Khadidja. Mzee Twahiru alisoma dua. Hamimu akawasha simu, akaiweka kwenye mkeka katikati yao.

Sifuri.

Aliifunga, akaifungua tena. Chini ya sifuri paliandikwa siku na saa mali ilipoondoka: Jumatano, dakika kumi na moja baada ya Hamimu kuzima simu.

"Ni nini iyo?" Khadidja aliuliza.

Hamimu alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo macho ya wote yalivyozidi kumganda usoni. Ikabidi Patrick aitwe. Alisikiliza yote, akashika kichwa.

"Kaka, ulimusomea ufunguo wote?"

"Nilimkalia. Amefuta mbele yangu. Nimeona kwa macho yangu."

"Amefuta kwenye ekrani moja. Ya pili huioni. Na hata kama angekuwa na moja tu, ana kalamu, ana simu inapiga picha. Ufunguo si pampu, kaka. Pampu akiichukua, kwako haipo tena. Hii, akiiona, anayo, na we pia unayo. Ulikuwa unalinda nini?"

Mzee Twahiru alikohoa.

"Hayo ya ekrani mi siyajui," alisema. "Najua kwamba mali ilionwa na mtu mmoja, ndani ya gereji iliyofungwa, siku mbili. Wanangu, leteni Msahafu. Hamimu aape, tumalize."

Damu ilimpanda Hamimu. Miaka kumi na miwili. Na sasa, ndani ya nyumba ya ndugu yake, anatakiwa kuapa kama kibaka aliyekamatwa sokoni.

"Siapi," alisema.

"Usipoapa tutaelewa vingine."

"Eleweni mtakavyo."

"Baba mkubwa, muache," Khadidja alisema. Hakuwa amepandisha sauti, wala hakuwa analia. "Mi najua hajaiba. Mwizi alijua ameshika nini. Huyu hakujua."

Hamimu alisubiri aongeze neno. Khadidja alikuwa tayari anahesabu sufuria kwa macho, zipi atabeba na zipi ataziacha.

Mwisho wa mwezi Khadidja aliondoka na watoto, akarudi Rumonge. Patrick, kwa mdomo wake, alijaribu kuwaeleza watu ukweli, na kwa mara ya kwanza Bwiza haikumsadiki. Hadithi ya ekrani ilikuwa ndefu. Ya shemeji aliyekula mirathi ilikuwa fupi. Ilipita bar kwa bar mpaka ikafika mtaa wa Kinindo, na huko mali ikaongezeka mara tatu.

Ajabu ni kwamba kazi haikupungua. Petroli ilipopatikana, gereji ilijaa. Watu ambao zamani walimwita fundi sasa walimwita patron, tajiri. Mmoja alikuja kumkopa. Mwingine alimletea shauri la kununua basi kwa ubia, akamkonyeza: "Najua unangoja mambo yatulie."

Khadidja alipiga simu kutoka Rumonge.

"Shemeji, watoto wamesikia shuleni. Wanauliza kama ni kweli baba yao mudogo amekula vyao. Wambie watu namna ilivyokuwa. Mbele ya baba mkubwa, mara moja tu."

Hamimu alisimama katikati ya gereji, grisi mkononi. Alijiona akisimulia tena: kiti, ekrani, kikapu kinamwagwa, na kicheko cha kijana yule, safari hii mtaa mzima ukicheka naye.

"Uko hapo?" Khadidja aliuliza.

"Niko."

"Utawambia?"

Nje mtu alipiga honi, akaita, "Patron!"

"Nina mteja," Hamimu alisema, akakata simu, akatoka kumpokea.