Vitambaa Saba Nyuma ya Nyumba ya Clotilde

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Mume wangu Casimir, anayefanya kazi mgodini Kipushi na kurudi nyumbani Jumamosi tu, husema kwamba hata nikipewa yai la zawadi nitalitikisa kwanza. Ni kweli, hulitikisa. Mayai mabovu ni mengi sokoni.

Basi Novemba ile ya mwaka sitini na moja, Katanga ikiwa imejitenga kwa mwaka mmoja na zaidi, nasi wa Elisabethville tukiwa tumeshasikia mizinga ya Septemba, nilikuwa na macho manne. Kila mtu wa mtaa wetu wa Katuba alikuwa nayo. Watu wa Kasai, walioitwa maadui wa Katanga, wengi walikuwa wamehama, wamekimbilia kambi iliyolindwa na askari wa ONU, Umoja wa Mataifa, waliokuwa wakipigana na Katanga. Waliobaki tuliwajua mmoja mmoja. Ng'ambo ya ua wangu alibaki Laurent, karani Mkasai, na mkewe Clotilde na watoto wao watatu.

Miaka minne tulikuwa tumekaa jirani bila ugomvi. Kinu changu kililala kwake, ungo wake ulilala kwangu. Lakini tangu Septemba tulisalimiana tu, na hata salamu zenyewe zilikuwa fupi.

Jumatatu nilimwona akichimba shimo nyuma ya nyumba yake. Lilipofika kina cha mkono mpaka kiwiko, alimimina ndani yake ndoo nzima ya maji, akavuta kigoda, akakaa kuliangalia. Maji yenyewe yale tuliyopangia foleni kwenye robine, bomba la mtaa, tangu alfajiri. Yalipokwisha kunywewa na udongo akafukia, akaenda kuchimba jingine karibu na jiko. Akamimina, akakaa, akaangalia. Jumanne akachimba mawili zaidi. Nikajisemea, huyu ana kitu cha kuficha, anapima kwanza wapi hakitalowa.

Jumatano ndiyo ilinimaliza. Asubuhi alichomeka vijiti vitatu ardhini, jua la utosi akaongeza viwili, na alasiri viwili tena. Juu ya kila kijiti alifunga kitambaa cheupe alichochana kwenye shuka kuukuu.

Wiki ile kwenye robine hapakuwa na habari nyingine ila ndege. Ilisemekana ONU wameleta ndege za vita, na kwamba mitaani wamo watu wanaotandaza alama nyeupe ili rubani ajue nyumba ya kupiga na nyumba ya kuruka. Niliviangalia vile vitambaa saba, kisha nikaliangalia bati langu. Vitambaa vinne vilikuwa upande wangu.

Ningeweza kumwuliza. Ua lilikuwa la matete, sauti inapita. Lakini nilikuwa na hakika atanidanganya, nami nitalazimika kuitikia ndiyo, ndiyo. Na bustani haikunijia akilini hata kidogo. Sisi tuliozaliwa hapa hatuhangaiki hivyo kwa ajili ya mboga. Mvua ya kwanza ikinyesha tunatupa mbegu penye jalala, lengalenga, mchicha wetu, linaota, tunachuma. Nani anachunguza mahali pa lengalenga siku tatu?

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Rigobert, mkubwa wa vijana waliolinda mtaa. Wiki mbili kabla, vijana hao walimchukua Constantin, fundi cherehani, Mkasai naye, kwa sababu ya redio tu. Mpaka siku ile mkewe hakuwa amerudishiwa hata shati lake. Hayo niliyajua nilipokuwa njiani. Sitaki mtu anitetee kwamba sikujua.

"Bitambaa ngapi?" Rigobert aliuliza.

"Saba. Bine binaangalia ku nyumba yangu."

"Bwana yake iko wapi?"

"Ku kazi. Anarudiaka saa kumi."

"Basi tutakuya ile saa. Tutamukamata ku mulango."

Nilirudi nyumbani mwepesi, nimetua mzigo. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, nikaweka sufuria motoni, na sombe lilikuwa limekwisha kuiva nilipomsikia Clotilde akiniita uani.

"Mama Chola, odi."

"Karibu," nikasema, bila kusogea.

"Nilikuwa nakuomba kintu kimoja. Ile tawi ya avoka yako, kuanzia midi, saa sita, inaleta kivuli ku fasi yangu. Kama unakubali, Laurent ataikata dimanche, siku haendi kazi."

"Kivuli kinakusumbua nini?" nikauliza, nikiutazama mparachichi wangu ulioegemea ua.

"Iko juu ya jardin ya mboga." Alinyoosha mkono kuelekea vile vitambaa. "Kivuli kikifika, asubui ya nyumba, kisha ya tawi, naweka kijiti. Kikihama, naweka ingine. Nilifunga kitambaa cheupe juu nibione toka ku jiko, sipate kila saa kutoka. Bamasista ba foyer, kule bamama tunasomeaka, njo balitufundisha vile. Usilime mbele ya kujua jua inakaa wapi na maji inaenda wapi. Pale karibu na jiko maji inabakia, mizizi itaoza. Hapa tu, kando ya matete ya lupango yako, njo pazuri."

Niliendelea kuvitazama vile vitambaa. Alidhani nakataa, akaongeza haraka.

"Bamama ba mu bijiji habakuye tena na mboga, barabara imefungwa. Batoto banakula bukari ya mahindi na chumvi, siku ya ngapi leo. Na wewe nimekuachilia mistari mbili ya lengalenga, sababu ya ile tawi."

Mistari miwili. Nililitazama jua, na kama mtu yeyote aliyewahi kumngoja mume, nilijua ni saa ngapi. Nilipaswa kumwambia, kimbia, mwahi Laurent njiani asije nyumbani. Maneno niliyapata. Ila kuyasema kulikuwa ni kumwambia pia nilikokwenda asubuhi, na niliona aibu. Nasema wazi, ilikuwa aibu tu, na kwa ajili ya aibu hiyo niliacha dakika zipite.

"Ng'oa bile bitambaa," ndilo lililonitoka. "Ng'oa sasa."

Alikuwa bado ananishangaa tulipoisikia kengele ya baiskeli ya Laurent, kisha tukasikia imekatika katikati.

Walimleta mpaka nyuma ya nyumba, vijana wawili, mmoja kila upande. Laurent alikuwa ameshikilia baiskeli yake kwa mikono miwili kana kwamba wamekuja kuichukua hiyo. Rigobert alitembea katikati ya vijiti, akavihesabu kwa fimbo.

"Ile bitambaa ni bya nani?"

"Mi sijue," Laurent alisema, na kweli hakujua, kwani alitoka asubuhi na kurudi jioni.

Clotilde alifungua mdomo. Nilikuwa nimekwisha pita kwenye pengo la ua.

"Ni byangu," nikasema.

Rigobert alinigeukia polepole. "Asubui ulisema ni bya huyu mwanamuke. Ulikuya ku nyumba yangu, ukasema."

Clotilde hakunitazama. Nilihisi tu jinsi alivyotulia kando yangu.

"Asubui nilikuwa na kasirani. Tulikosana juu ya lupango. Nilitaka umuogopeshe kidogo. Ile iko jardin. Yetu babili."

"Kumbe ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

Nilingoja kofi, na lingekuja ningelipokea. Rigobert aliwatazama vijana wake, akakaa kwenye kigoda cha Clotilde, akanyoosha miguu.

"Kama iko jardin, mulime. Nione."

Clotilde alileta jembe lake, mimi nikaleta langu. Yeye alianza kwenye kijiti cha kwanza, akaenda moja kwa moja bila kupinda, akivunja mabonge kwa kisigino. Mimi nilifuata nyuma nikiharibu mstari. Laurent alisimama na baiskeli yake, jasho likimtiririka kuliko sisi tuliolima. Rigobert akawa kila mara anainuka, anachoma udongo kwa fimbo, anasikiliza kama itagonga chuma kilichofichwa. Iligonga mizizi ya avoka yangu, basi. Tulipofika kijiti cha saba palikuwa na tuta zuri, refu, udongo mwekundu umelala laini.

"Mambo ya banamuke," alisema mwishowe. Alikivua kitambaa kimoja, akakipangusia viatu, akakitupa. Kisha akaninyooshea fimbo. "Wewe, siku ingine usikuye kwangu na kasirani yako."

Wakaenda. Nilikaa chini palepale. Kwa kweli nilikuwa nafurahi. Nilimwona Laurent ameegemeza baiskeli ukutani, mzima, na nikasema moyoni kwamba yamekwisha.

Clotilde aliweka jembe, akaenda kwenye kamba akaanza kuanua nguo za watoto. Zilikuwa bado mbichi.

"Mama Clotilde," nikasema, "habakumukamata."

"Aksanti," alijibu. "Umetusaidia."

"Sasa munaenda wapi?"

"Ku kambi ya ONU. Mbele ya giza."

"Kule bantu banalala chini, mu mahema. Magonjwa iko. Ubakie. Rigobert hatarudia, umesikia mwenyewe. Na jardin iko tayari."

Aligeuka, akalitazama lile tuta tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayekagua kazi yake.

"Iko fasi muzuri," alisema. "Niliangalia jua, niliangalia maji, niliangalia budongo. Sikuwaza kuangalia nani iko ng'ambo ya lupango."

Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo ningepata la kujibu, maana kwa hasira mimi ni hodari. Aliingia ndani, nami nikamfuata bila kuitwa. Laurent alikuwa anavingirisha godoro. Nilichukua kamba, nikaanza kufunga mizigo, kwanza godoro, halafu sufuria, halafu kifurushi cha nguo mbichi. Clotilde hakunikataza. Lakini kila fundo nililofunga alilifungua, akalifunga upya yeye mwenyewe.