Nimeshauza

...nimeshauza, Mama Shakuru kasema nimeshauza, kwa mdomo wake mwenyewe, wala hakunong'ona, kakaa pale uani juu ya kigoda anachambua maharage, simu kaibana kwa bega, na Yasmina yuko huku chumbani nyuma ya pazia la dirisha, karibu kabisa na kisogo chake, anasikia kila neno, "Kikwembe ya mutoto? Eh, nimeshauza, hii asubuhi, kule Mutakura," basi ndiyo imekwenda hiyo, kanga ya bibi, na si alijua, tangu Alhamisi ilipotoweka kwenye kamba alijua, akauliza kwa adabu zote, Mama Shakuru, hujaiona kanga yangu, mwenye nyumba akajibu itaonekana tu, mutoto yangu, huku macho yakikimbilia sufuria, mutoto yangu, mutoto yangu, kilemba cha ukoka tu hicho, na yeye zuzu akakivaa, muhula wote anakula ugali na ndagala wao, anacheka nao, anafundishwa na Shakuru kucheza karata, kumbe anapigiwa mahesabu... "Apana, Waridi, asijue kwanza," asijue! Waridi ndiye mdogo wa Mama Shakuru, yule anayekuja kila Ijumaa na kumkagua Yasmina juu hadi chini kama mtumba sokoni, kumbe wamo wote, na kuna mwingine tena, "ni juu ya ile fero," Fero ni nani huyo, dalali au mnunuzi, hajapata kumwona mtu wa jina hilo humu ugenini Cibitoke, lakini watu wa namna hiyo huwaoni, wanakuja ukiwa shuleni... simu yake iko mkononi, ujumbe keshaandika, Mama, hawa watu wananiibia, njooni mnichukue, kidole kiko juu yake, akiubonyeza tu, Tanga yote itajua, baba ataipigia shule kabla ya sala ya adhuhuri, shule itamwita Mama Shakuru, habari itazunguka mtaani kwamba mwenye nyumba yule anaiba vya watoto wa watu, na amtangaze, kwa nini asimtangaze, ile si kanga tu, bibi alipofariki doti ile iligawanywa, kipande kimoja kwa mama, kingine kwake, alikuwa hata haifui, analalia harufu ya udi, ni huyu huyu aliyeng'ang'ania, leta nikufulie, iko na jasho, alaa, kumbe alikuwa na lake... bonyeza, Yasmina, unangoja nini, kwanza huyu Mélissa wa darasani naye si alimwambia, watu wa kwetu wema sana, Mélissa huyo huyo wa twende tuuze maandazi, wiki ile ya kwanza, Yasmina akaona haya mpaka masikio, yeye auze maandazi barabarani na sare ya shule, akamfuata hivyo hivyo huku akijiuliza sinia liko wapi, wakafika kwa mama mmoja mwenye karai, Mélissa akatoa pesa yake, akapewa maandazi mawili, moja akampa yeye, la moto, na Yasmina akacheka akidhani ni mzaha... hawakuuza kitu siku ile. Walinunua. Twende tuuze, wakanunua... kidole kimesimama, ngoja, ngoja kwanza, lakini hata kama, hata kama kuuza kwao ni kununua, anunue kikwembe cha nini, mtu hanunui kitu kilichopo, na kilichopo kiko wapi, na yule Fero... Fero... Jumatatu Musiyo Maxime wa Kifaransa alichora pasi ubaoni, mbaya, kama mtumbwi, akasema semeni wote, fer, fer, darasa zima likaitikia, pasi, Mungu wangu, ni pasi, na Alhamisi ile alirudi akakuta nyumba inanuka, Mama Shakuru anapepea mlango kwa mfuniko, akasema ni maharage yameungua, na mchana wakayala maharage yale yale, matamu, hayana hata doa... imeungua, kanga ya bibi imeungua, na hapo Yasmina anataka kulia kwa sauti, maana hakuna soko la Mutakura wala la wapi litakalompa pacha wa kile kipande cha mama, afadhali ingeibwa, iliyoibwa unaweza kuidai, hasira anayo bado, anayo tele, ila haijui tena iende kwa nani, na kule nje sauti imeshuka, si sauti ya mtu mwenye hila, mbona hakuisikia mapema, ni sauti ya mtu anayeogopa, "Nitamwambia namna gani, Waridi? Mi naogopa. Nikimwambia nimeuza, atasema mi ni mwizi, kwao haiko vile. We ulikaa Kigoma, nifundishe," mtu mzima yule, mama wa watoto watatu, anamwogopa yeye, Yasmina wa juzi, na maharage yamesimama mapajani, hayachambuliwi tena, anasikiliza simu kama mwanafunzi, kisha anajaribu, polepole, "Nime... nimekunu... nimekununuria," anasita, Waridi kamrekebisha bila shaka, anaanza upya, "nimekununuria," tena, ulimi unagoma pale pale, na nyuma ya pazia Yasmina, machozi yanamshuka, midomo inacheza bila sauti, lia, Mama, lia, nimekununulia.