Jani la Kujazia

Kadi ilikuwa fupi: "Poleni kwa msiba mzito. Uongozi na wafanyakazi."

"Wafanyakazi gani?" Ndeshi akauliza. "Hao wafanyakazi wameulizwa?"

"Dada, mimi nauza maua, siendeshi chama." Irine, mwenye duka pale Levolosi, alikuwa anafunga utepe mweusi. Alihamia Arusha mwaka jana tu kutoka Mwanza. "Mwili unaondoka saa saba kwenda Rombo. Oda ya leo ni ya leo, kimbia. Na picha usisahau, mteja anataka aone yamepokelewa."

Mteja alikuwa Melkizedeki, afisa utumishi wa shamba moja la maua chini ya Meru. Marehemu alikuwa Fransiska.

Ndeshi alipakia maua kwenye boksi la pikipiki, akaondoka na hasira yake. Miaka sita alikata waridi na Fransiska kwenye banda moja la nailoni. Kisha ikaja ile Jumanne. Dawa ilipulizwa saa mbili asubuhi, na karatasi ya mlangoni ilisema mtu asiingie mpaka kesho yake. Saa tatu Melkizedeki akaja akafungua mlango kwa mkono wake: ndege ya kubeba maua haingoji, ingieni. Ndeshi alikataa, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Fransiska aliingia, kwa sababu alikuwa na mama wa kumlisha. Akakohoa miaka miwili, na kampuni ikaandika kwamba ni pumu, amezaliwa nayo.

Hata waridi hizi zilitoka shamba lile lile. Zilikuwa zile zenye shina fupi, Ulaya hawazitaki.

Alipofika Sakina akasimama kando ya gereji kukaza kamba ya boksi. Ndipo akaliona jani katikati ya waridi, refu, la kijani kibichi. Isale.

Damu ikamchemka. Kwa Wachaga isale si pambo. Aliyekukosea akikuletea jani hilo, hata kama amekuulia ndugu, unasamehe, utake usitake. Ukikataa unajitafutia laana. Na Melkizedeki ni mtu wa Rombo, anajua fika. Kumbe! Wameshindwa kwenda kwa yule mama kwa miguu yao, wanamtumia jani kwa pikipiki ili wamfunge mdomo!

"Msamehewe na nani, mbwa nyie!"

Fundi aliyekuwa chini ya gari akachungulia. "Mimi nimefanya nini tena, sista?"

Ndeshi akalichomoa lile jani, akalirarua, akalitupa mtaroni.

Uani kwa Mama Paskalina, mama yake Fransiska, turubai lilikuwa limeshaanza kufunguliwa. Gari la kubeba jeneza lilikuwa linanguruma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Si wewe Ndeshi?"

Mama akayapokea maua kwa mikono miwili. Akaisoma kadi, akairudia, kisha akaanza kuyapekua, shina moja baada ya jingine.

"Hakuna kingine?"

"Kingine kipi, mama?"

"Isale."

Ndeshi akageuka kuitazama pikipiki yake.

"Nimelingoja miaka miwili," Mama Paskalina akasema. "Mtu haleti isale kama hajakosa. Wangelileta, ningeenda pale kwenye jeneza nimwambie, mwanangu, wamekubali. Hukuzaliwa na ugonjwa. Basi, azikwe na hilo."

"Lilikuwepo," Ndeshi akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Lilikuwepo, mama. Nimelitupa mimi. Nilikuwa na hasira nao."

Alingoja kofi. Badala yake uso wa mama ukafunguka, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Waliliweka? Wao wenyewe?"

"Wao wenyewe."

"Piga dukani. Nataka nisikie kwa masikio yangu, halafu nikamwambie."

Ndeshi akapiga, akaweka spika.

"Irine, lile isale kwenye maua ya msiba, mteja alikuambia ni la nini?"

"Isale ndiyo nini?"

"Lile jani refu."

"Aa, lile! Majani ya kujazia yaliisha, nikakata kwenye uzio wa jirani. Kwani wamelalamika? Hebu tuma picha, huyu mteja ananisumbua, anasema ana kikao."

Simu ikakatika.

Dereva akapiga honi mara ya pili. Mama Paskalina hakulia. Aliitazama ile kadi, akairudisha katikati ya waridi pale jani lilipokuwa.

"Ungeliacha tu, mwanangu," akasema. "Nisingejua."

Ndeshi akairudisha simu mfukoni.

"Piga hiyo picha," mama akasema. "Usije ukafukuzwa na huku."

Akayainua maua mpaka kifuani, akayashika wima, akatazama simu. Ndeshi akapiga, akatuma.

Kabla gari halijatoka getini, jibu la mteja lilikuwa limerudi kupitia kwa Irine: dole gumba.