Kisa cha Seremala

Chuoni walimwita Profesa Je-Kama. Kwetu ni mjomba, kaka yake mama, na darasani kwake nilijibanza pembeni nisionekane mtoto wa nyumbani.

Somo lake la maadili halikuwa na majibu. Alichukua mikasa ya watu aliowahoji katika utafiti wake, akabadili jinsia na kazi zao ili wasitambulike, kisha akatutupia tubishane.

"Seremala," alisema asubuhi hiyo, chaki mkononi. "Anaumwa, hatapona. Amewaomba nduguze wamfiche mwanawe habari hizo mpaka amalize mitihani. Je, kama mmoja wa ndugu hao ni wewe?"

"Afichwe!" akadakia jamaa tuliyemwita Wakili kwa ubishi wake. "Mtoto akifeli, si mzee atakufa mara mbili?"

Darasa likaangua kicheko. Tuliokubali tukanyoosha mikono, nami nikiwemo. Mjomba aliutazama mkono wangu, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Lakini prof, kwenye simu mtoto si atamsikia?" Wakili akauliza.

"Huwasha redio," mjomba akajibu papo hapo. "Sauti juu kabisa, kikohozi kisisikike."

Kalamu ilinidondoka. Siku hizi kila nilipompigia mama, redio ilikuwa ikinguruma, nami nikimtania, "Mama, ujana umekurudia?" Alicheka kidogo tu, kisha akaaga haraka.

Nilitoka nje. Mjomba alinikuta kwenye ngazi.

"Ni mama?"

"Nilibadili kila kitu," alisema. "Hilo la redio lilinipita."

"Ukataka nijiamulie bila kujua?"

"Nilikwama, mwanangu. Nimemwahidi dada yangu, na usingizi sipati. Na wewe ulinyoosha mkono."

"Nilimnyooshea mtoto wa seremala, mjomba."

Alijifuta chaki kwenye suruali, akazidi kuieneza.

"Mitihani ni mwezi ujao," nikasema. "Atafika?"

Mtu aliyetuuliza maswali muhula mzima aliangalia viatu vyake.

Nikashuka ngazi, nikashika njia ya kituo cha basi. Nilisikia hatua zake zikinifuata, hakuniita, hakunizuia. Kituoni alikata tiketi mbili. Ndani ya basi alikaa upande wa pili, na mpaka tunaiona nyumba ya mama hakuna aliyejua aanze vipi.