Keki Iliyosubiri Kivuko

Mimi Shigela nilipika kwenye meli ya mizigo miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote mke wangu Tereza hakuwahi kula chakula nilichopika mimi. Meli ikitia nanga Mwanza nilikuwa bwana mkubwa. Nilipanda kilima cha Butimba na begi langu, nikakaa kwenye kiti, nikaletewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga. Wasukuma wa rika langu hawakuona kasoro yoyote hapo. Siku hizi mimi naiona, na inaniuma.

Kitabu cha mapishi nilikinunua Kisumu, siku meli ilipokwama bandarini kusubiri mzigo. Kilikuwa kimetandazwa chini, juu ya turubai, pamoja na redio mbovu na viatu vya mitumba. Ukurasa wa sitini na nane ulikuwa na picha ya keki ya chokoleti na njugu, nyeusi, inang'aa, imemegwa kipande kimoja tu. Nilipomwonyesha Tereza, aliinama akanusa karatasi.

"Mwenye kitabu alidondosha siagi hapa," alisema. "Hii utanipikia lini?"

Nikamjibu nikistaafu. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nistaafu.

Tereza alipika kwa pua. Sikuwahi kumwona akionja mboga. Aliinua mfuniko, akavuta pumzi, akajua chumvi imepungua. Alijua mvua inanyesha ng'ambo ya ziwa kabla wingu halijavuka. Mara mbili tatu alinusa shati langu akajua nilikopitia, na hayo tuyaache.

Masika yaliyopita alishikwa na mafua makali wiki mbili. Mafua yakaondoka, pua isirudi. Daktari alisema inaweza kurudi, inaweza isirudi, ila tumnusishe vitu vikali kila siku. Nikamnusisha karafuu, kahawa, limau, hata dagaa wabichi. Kila asubuhi aliinamia kikombe nilichomshikia, kisha akatikisa kichwa taratibu, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa na yeye hataki kuniumiza. Chakula kikawa kwake sawa na kutafuna pamba. Kwanza aliacha kupika. Halafu akawa anakula tonge mbili, tatu. Halafu akaanza kulala mchana, uso ukutani, na gauni lake la kanisani likawa kubwa kama la kuazima. Niliogopa. Mwanaume wa umri wangu hapendi kusema hivyo, lakini niliogopa kwamba anaondoka kidogo kidogo na mimi nimekaa palepale kwenye kiti changu.

Ndipo nikakumbuka ukurasa wa sitini na nane.

Jumamosi binti yetu Winnie alikuja kutoka Buswelu na siagi, mayai, kakao na chokoleti niliyomwagiza.

"Shikamoo baba. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Kalala. Leo napika keki."

Akaliangalia jiko la mkaa, akaniangalia mimi na aproni ya mama yake. "Majirani wakikuona je?"

"Waje na viti vyao."

Kitabu kilitaka njugu za Ulaya, zile zilizokunjamana, ambazo Mwanza nzima sijui nizipate kwa nani. Nikatia karanga za Kisesa, nyumbani kwao Tereza, nikazikaanga kwanza na kuzipepeta maganda. Kitabu kilitaka oveni. Nikachukua sufuria kubwa, nikamimina mchanga wa ziwani chini, nikaweka sufuria ndogo ndani yake, nikafunika, na makaa mengine juu ya mfuniko. Siagi na sukari nilizikoroga kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Winnie akalamba mwiko, akafumba macho.

"Baba, hii ni ya hoteli kabisa."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilivimba kichwa palepale.

"Nikutegeshee saa kwenye simu?" akauliza, maana alikuwa anawahi mazoezi ya kwaya.

"Nimeoka keki za kapteni kabla hujazaliwa. Nenda kaimbe."

Kwenye meli sikuwahi kuangalia saa. Mkate uliingia tukipita kisiwa fulani na kutoka tukiona mnara fulani, na haukuungua hata siku moja. Tangu nirudi nchi kavu, saa yangu ni kivuko. Kikiondoka ng'ambo, hufika huku baada ya nusu saa na dakika chache, na kutoka kwenye jiwe kubwa lililo mbele ya nyumba yangu nakiona safari nzima. Nilisubiri king'oe nanga, nikaweka keki motoni uani, nikaenda kukaa juu ya jiwe.

Ilikuwa saa kumi jioni. Ziwa lilikuwa limelala, rangi ya chai ya maziwa upande wa jua, na kivuko kilikuwa doa jeupe linalokuja bila kuonekana kusogea. Upepo ulinipiga usoni, laini. Nikawa nahisi jiwe linayumba chini yangu kama sakafu ya jiko la meli, taratibu, kushoto na kulia. Nilimwona Tereza akiwa kijana, amesimama gatini na kanga yake ya njano, na nikajua, bila kuuliza, kwamba kivuko kile kinamleta yeye. Katikati ya ziwa kilifika kwenye magugumaji, shamba zima la kijani lililokuwa likielea, kikapunguza mwendo, kikasimama. Nami nikasimama nacho. Haraka haraka haina baraka, nikajisemea. Naapa niliamini kwamba keki haiwezi kuiva kabla kivuko hakijafika.

"Baba Winnie." Sauti ilitoka dirishani nyuma yangu, pazia limefungwa.

"Naam."

"Karanga zinaungua."

"Haziungui. Kivuko hakijafika."



"Zinaungua. Na sukari imeanza kuwa chungu. Ipua hiyo sufuria."

Niligeuka nimjibu kwamba mpishi ni mimi. Nikavuta pumzi kwanza. Nilikuwa na pua yangu nzima pale kwenye jiwe na sikuwa nimenusa chochote, kwa sababu upepo ulikuwa unaupeleka moshi mbali nami.

"Umeonaje?" nikauliza.

"Sijaona kitu, nimelala. Nimenu..."

Hakumaliza. Nilisikia kitanda kikilia, kisha miguu mitupu kwenye sakafu. Nilipofika uani alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kanga begani, mdomo wazi kidogo, akivuta pumzi na kuvuta tena. Moshi mweusi ulikuwa unatoka pembeni mwa mfuniko.

Akanyoosha mkono kuchukua koleo. Nikaushika mkono wake.

"Iache kidogo," nikamwambia.

"Itakuwa mkaa."

"Iache iwe mkaa, mama Winnie. Niambie unanusa nini."

Akafumba macho. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya moshi na mengine. "Siagi," alisema. "Kakao. Karanga za kwetu." Akaniegemea, akaweka pua yake kwenye shati langu. "Na hili umelivaa tangu juzi."

"Tangu Alhamisi," nikasema.

Tulibaki hivyo tukiiangalia keki ikiungua mpaka mwisho, na ziwani kivuko kilikuwa bado kimesimama.