Karavani ya Safi na Kamba ya Freni

Tangu saa mbili asubuhi Djamali alikuwa amekwisha kukifungua kitabu cha gari mara nne, na mara zote nne namba haikubadilika.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa. Kilikuwa kimelala kwenye kisanduku cha pick-up miaka sita bila mtu kukiuliza habari, mpaka kikashika harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ukurasa wa kuvuta ulikuwa na mistari miwili. Ule wa juu, wenye herufi nene, aliujua kwa moyo, maana ndio aliokuwa akiutangaza kila kikao pale mtaani kwao Nyamianda: remorke, yaani tela, yenye freni, kilo elfu mbili na mia tano. "Tani mbili na nusu!" alikuwa akisema huku anapiga boneti. "Leta nyumba yako na shida zako zote, gari yangu itavuta." Mstari wa chini ulikuwa mwembamba kama mguu wa kifaranga. Hakuwahi kuusoma hadi leo. Remorke isiyo na freni: kilo mia saba na hamsini.

Na karavani ya Safi haikuwa na freni. Djamali alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ni yeye aliyeziua.

Karavani hiyo ilikuwa kijumba cheupe cha magurudumu mawili, mlango mmoja, madirisha mawili. Injinia mmoja mzungu wa kazi za barabara aliishi ndani yake, na alipomaliza mkataba akamwachia Mapendo, dada mkubwa wa Djamali, aliyekuwa akimpikia. Miaka minne ilikaa kwenye lupango la Mapendo, ndani ya ua, karibu na bomba la maji. Wageni walilala humo, kuku walitagia chini yake, na humo humo Safi, binti wa Mapendo, alijifunzia kushona mpaka akapata wateja wake. Ijumaa Safi alikuwa ameolewa na Rayan, kijana mwenye duka la dawa kule Mutarule. Leo Jumamosi alikuwa anapelekwa kwa mumewe, na karavani ingemfuata ikawe atelie yake ya kushonea kando ya soko. Mapendo alikuwa ameshatangaza mtaa mzima: wasichana wengine wanaenda na valizi ya nguo, wa kwangu anaenda na nyumba.

Tatizo lilianza miaka miwili nyuma, freni ya mkono ya pick-up ilipokatika. Djamali alizunguka soko lote, kamba ya kufaa hakuna. Akakumbuka kwamba chini ya karavani kuna kamba nzuri ya chuma inayokaza freni za magurudumu. Karavani inaenda wapi? alijiambia. Akaingia chini kama mwizi wa mayai, akaichomoa, akaikata ifikie kipimo cha gari lake, na freni ya mkono ikakamata tangu siku ile. Sasa hata angetaka kuirudisha, ilikuwa fupi.

Kwenye mkono wa kuvutia karavani kulikuwa na kibati kilichosema uzito wake ikiwa tupu: kilo mia sita na themanini. Toa kwenye mia saba na hamsini. Zinabaki sabini. Mtu mmoja aliyeshiba.

Hata hizo zisingemnyima raha kama barabara ingekuwa tambarare mwanzo mwisho. Lakini kule mbele, pale mvua za mwezi wa nne zilipochukua daraja, magari yalikuwa yanateremka ukingo mzima hadi kwenye kokoto za mto, kisha yanapanda tena. Kwenye mteremko ule, kitu kisicho na freni hakivutwi. Kinasukuma.

Na wanawake walikuwa wanapakia.

Nyuma ya pick-up kulishajaa tangu jana: kitanda cha Safi, godoro, kabati, cherehani mbili. Kwa hiyo zawadi zote zilikuwa zinaingia kwenye karavani. Mchele, sufuria za kupikia watu mia, jiko, unga wa muhogo, bido za mafuta ya mawese, madumu yaliyojaa hadi mdomoni. Kila shangazi aliweka chake karibu na mlango, ili wakwe wakifungua wakione cha kwanza.

"Mukipunguza kidogo..." alianza Djamali.

"Tupunguze nini?" Mapendo alimgeukia, kanga kiunoni, jasho usoni. "Djamali, mudogo wangu, si weye ulisema tani mbili na nusu? Uliota?"

"Sikuota, Yaya, dada yangu. Niko nasema tu tupime. Muzigo unapimwa."

Hilo lilimjia ghafla, na alilishika kama mtu anayezama. Akakimbilia depo ya mchele ya jirani, akaazima mizani, akaiweka katikati ya lupango. Alitegemea hesabu iseme kile ambacho mdomo wake haukutaka kusema.

Wanawake walifurahi. Walipanga mstari kama kliniki ya watoto. Sufuria: kilo kumi na tisa, vigelegele. Bido mbili za mawese: arobaini, vigelegele zaidi. Djamali alikuwa anajumlisha kichwani bila raha, maana kadiri namba ilivyopanda ndivyo walivyoshangilia. Ndipo ikafika zamu ya Bibiche, shangazi wa Safi, aliyeshinda wiki nzima akisema analeta mchele wa kilo hamsini. Gunia likakaa kwenye mizani. Sindano ikapanda, ikatikisika, ikatulia kwenye thelathini na nane.

Vichwa vikainama kuisoma namba.

"Aka!" ilitoka sauti nyuma. "Izo zingine kumi na mbili ziko zinakuja na miguu?"

"Mizani imeharibika!" Bibiche aliwaka. "Miye na umri huu niibie mutoto wa kaka yangu?"

"Haujaiba, mama. Panya ya kwako iko na njaa tu," sauti ile ile ilijibu.

Bibiche alibeba gunia lake mwenyewe, akaapa litaenda na lori la Jumatatu, bila mizani ya washenzi. Na hapo Djamali aliona jambo ambalo hakulipanga: mwenye unga akakumbuka kwamba hata yeye atangoja lori. Mwenye jiko vilevile. Hakuna aliyetaka kupimwa baada ya Bibiche. Hata waliokwisha kupimwa walitoa vyao, wasije wakaonekana wanajitangaza. Katika nusu saa karavani ilikuwa tupu, imebaki na mapazia. Djamali alivuta pumzi, ya kwanza kushuka mpaka chini tangu asubuhi.

Mapendo alisimama mlangoni akiangalia ule utupu.

"Mutoto wangu hawezi kufika na nyumba haina kitu," alisema. Kisha uso ukamng'aa. "Si kuko nafasi? Wanawake! Ingieni! Tutaimba ndani mpaka Mutarule!"

Walipiga vigelegele, wakavua viatu. Mmoja, wawili, watano. Karavani ililala upande, springi zikalia. Wa nane alikuwa na mtoto mgongoni.

Djamali aliona akilini ule ukingo wa mto. Aliona dirisha limejaa nyuso.

"Shukeni," alisema. Hawakusikia. "Yaya, waambie bashuke! Karavani haina freni!"

Mapendo alikunja uso. "Ilikuwa nayo wakati injinia aliileta."

"Ilikuwa nayo. Nilitoa kamba miye. Njo hiyo iko kwa freni ya mukono ya gari yangu. Nilikata."

Wimbo ulifia ndani. Wanawake walishuka mmoja mmoja, wa mtoto mgongoni akiwa wa kwanza.

"Kumbe tani mbili na nusu ilikuwa ya mudomo," Bibiche alisema kutoka juu ya gunia lake, na mtu mmoja akacheka.

Mapendo hakucheka. Aliingia kwenye pick-up, akavuta freni ya mkono, akaisikiliza inavyokamata. "Hii?"

"Njo hiyo."

"Ungetuteremusha kwa mto na iyi kamba iko hapa?"

Djamali aliinua mizani, akairudisha depo.

Waliondoka saa sita. Wanawake walitembea mbele wakiimba hadi mwisho wa Nyamianda, ili isisemwe kwamba Safi alitoka kimyakimya. Baada ya hapo wakabaki Djamali na Safi, na karavani tupu kwenye kioo.

Kwenye ukingo alisimamisha gari. "Shuka, mutoto. Vuka na miguu."

Safi alikusanya gauni lake la harusi, akashuka, akaokota jiwe kubwa kama mkate. "Nitatangulia kule ngambo, Mujomba. Ukikwama, nitaweka kwa gurudumu."

Djamali aliweka gia ya kwanza. Gari liliinama, na papo hapo akausikia mkono mgongoni: karavani ilikuwa inamsukuma, hata tupu, polepole na bila adabu. Mkia uliteleza shibiri moja kushoto. Hakugusa freni kwa nguvu. Aliiacha injini ilie, akaielekeza pua kwenye kokoto, akakumbuka wanawake wanane na mtoto. Kokoto. Maji hadi nusu gurudumu. Akaanza kupanda.

Katikati ya ukingo wa ngambo injini ilizima.

Mguu wa kulia kwenye freni, lakini gari likaanza kuteleza nyuma. Akavuta freni ya mkono kwa mikono miwili. Ikakamata. Ile kamba, ile ile, ilishika gari, kitanda, cherehani na karavani yake yenyewe, mpaka Safi alipofika anateleza kwenye tope na kusukumia jiwe chini ya gurudumu.

"Washa, Mujomba!"

Iliwaka mara ya tatu.

Kule Mutarule familia nzima ya Rayan ilikuwa imesimama kando ya barabara. Mama Rayan alimkumbatia mkwewe, akaangalia gauni la tope, akafungua mlango wa karavani, akaona mapazia tu. Djamali alikohoa, akijiandaa kuyasema yote kwa mara ya pili siku moja.

"Acha, mukwe," Mama Rayan alisema. "Mapendo amekwisha kunipigia simu. Bibiche naye." Aliingiza kichwa kwenye dirisha la pick-up, na nyuma yake vichwa vingine sita vikasogea. "Iko wapi iyo kamba? Vuta kidogo tusikie."

Djamali aliivuta.